Data si bando tu: kuusoma mtaa kwa macho ya wanaoupita, kuanzia Nkololo

Ukitamka neno "data" hosteli saa nne usiku, wa kwanza kugeuka atataka umwashie hotspoti. Sio kosa lake. Lakini data ninayotaka tuiongee hapa hainunuliwi kwa vocha, na wengi wetu tutaifuata fildi likizo ijayo bila kujua tunaifuata ya nini: data ya namna watu wanavyouona mtaa wanaoupita. Mtu anaharakisha wapi? Anazunguka wapi wakati njia ya mkato ipo na anaijua? Mama anamkataza binti yake kupita wapi baada ya magharibi? Na je, vitu kama hivi vinahesabika, au ni maneno ya kijiweni tu?

Nitatumia Nkololo, kata niliyozaliwa, wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, kama darasa. Najua kuna mdau wa mipango miji atakayecheka: Nkololo si jiji. Kweli si jiji. Ila miji yetu mingi haizaliwi kwenye karatasi, inazaliwa kwenye senta. Kunakuwa na mashine ya kusaga, ghala la pamba, maduka mawili, kijiwe cha bodaboda, halafu siku moja mtu anagundua kuna barabara pale na nyumba zimeshaibana. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu 1,584,157; ya 2022 ikakuta 2,140,497. Hilo ni ongezeko la asilimia 35 kwa miaka kumi, na watu hao hawakai hewani. Senta zinavimba. Ukitaka kuuelewa mtaa kabla haujaharibika, usisubiri uitwe jiji.

Somo hili lina historia, na ni vizuri kuijua kabla hujamwendea supavaiza. Mwaka 1960 Mmarekani Kevin Lynch, mwalimu wa mipango miji pale MIT, alitoa kitabu The Image of the City. Alichofanya ni kitu ambacho wewe unakiweza ukiwa na daftari na uvumilivu: aliwaomba watu wachore ramani ya mji wao kutoka kichwani, wamweleze safari yao ya kila siku, wamtajie vinavyowakaa akilini. Boston aliongea na watu kama 30, Jersey City na Los Angeles kama 15 kila mji. Watu 60 tu, na kitabu bado kinasomwa. Aliona kwamba mji uliomo kichwani mwa mtu umejengwa kwa vitu vya aina tano: njia anazopita, kingo zinazomzuia, maeneo anayoyatambua kama kitu kimoja, makutano, na alama. Mwenyewe alikiri kwamba sampuli yake ilikuwa ndogo na imeelemea kwa watu wa tabaka la kati. Shika hilo la kuelemea, tutalirudia.

Sasa ruka miaka hamsini. Mwaka 2013 watafiti watatu waliokuwa MIT Media Lab, Philip Salesses, Katja Schechtner na César Hidalgo, walichapisha matokeo ya mradi ulioitwa Place Pulse. Walichukua picha 4,136 za mitaa ya New York, Boston, Linz na Salzburg, wakaziweka mtandaoni mbili mbili, na kuuliza swali jepesi: kati ya hizi mbili, ipi inaonekana salama zaidi? Ipi inaonekana ya watu wa hali ya juu zaidi? Ipi ni ya kipekee zaidi? Watu 7,872 kutoka nchi 91 walibofya. Walipolinganisha majibu na takwimu za polisi, walikuta kwamba New York hisia hizo zinahusiana na idadi ya mauaji hata ukishazingatia kipato, umri na idadi ya wakazi wa eneo. Yaani hisia za watu waliotazama picha tu zilibeba habari ambayo kipato peke yake hakikuibeba. Awamu ya pili ilifika miji 56 katika nchi 28, picha zaidi ya 110,000 na ulinganisho zaidi ya milioni moja, na maswali yakaongezeka: uchangamfu, uzuri, utajiri, uchovu, huzuni. Afrika iliwakilishwa na miji ya kusini kabisa mwa bara. Afrika Mashariki haikuwa na mji hata mmoja.

Kwa nini mbili mbili?

Hapa ndipo penye utamu wa kitaalamu, kwa hiyo tulia nami kidogo.

Njia tuliyozoea ni dodoso la moja hadi tano. "Kwa kiwango gani unakubali kwamba mtaa huu ni salama?" Nenda nalo Nkololo uone. Utaulizwa kwanza uketi. Utasalimiwa, mwangaluka, na utajibu mhola. Halafu ukiuliza kuhusu mtaa, utajibiwa mhola vilevile. Mhola ni salama, ni amani, ni nzuri, ni jibu la adabu ambalo mtu mzima humpa mgeni kabla hajajua mgeni anatafuta nini. Kiswahili hakituokoi: "salama" nayo ni jibu la salamu. Utarudi chuoni na madodoso mia moja yaliyojaa nne na tano, utapiga wastani, na utaandika kwenye tasnifu kwamba wananchi wana mtazamo chanya juu ya usalama wa mitaa yao. Supavaiza atasaini. Hakuna ulichojifunza.

Ulinganisho wa mbili mbili unaikwepa adabu hiyo. Humwambii mtu akisute kijiji chake, unamwambia achague. Na kila mtu anaweza kuchagua, hata asiyejua kusoma, hata mwenye haya.

Lakini uchaguzi ukishakusanyika, utaugeuzaje kuwa alama? Fikiria ligi. Kila picha ni timu, kila ulinganisho ni mechi. Ukihesabu ushindi tu unadanganyika, maana kumfunga Simba au Yanga sio sawa na kumfunga anayeshuka daraja. Watafiti wa Place Pulse walilitatua hivi. Kwanza, chukua mara ambazo picha ilishinda, gawa kwa mara zote iliposhindanishwa, sare zikiwemo; fanya hivyohivyo kwa kushindwa. Pili, tafuta wastani wa ushindi wa picha zote ambazo hii imezifunga, na wastani wa kushindwa wa zile zilizoifunga yenyewe. Tatu, chukua ushindi wake, jumlisha wastani ule wa kwanza, toa ule wa pili, ongeza moja, kisha zidisha kwa 10 na ugawe kwa 3. Unapata alama kati ya 0 na 10.

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni za kufundishia tu. Chukulia picha ya njia ya mashineni imeshindanishwa mara 20: imeshinda 12, imeshindwa 6, sare 2. Ushindi wake ni 0.60. Picha ilizozifunga zina wastani wa ushindi wa 0.40, na zile zilizoifunga hushindwa kwa nadra, wastani wa 0.20. Basi 0.60 + 0.40 − 0.20 + 1 ni 1.80, zidisha kwa 10, gawa kwa 3, ni 6.0. Sasa chukua picha ya pili, njia ya nyuma ya ghala, nayo imeshinda 12 na kushindwa 6. Ila ilizozifunga ni nyonge, wastani 0.25, na zilizoifunga nazo ni za kupigwapigwa, wastani wa kushindwa 0.50. Hapo ni 0.60 + 0.25 − 0.50 + 1, yaani 1.35, na alama inakuwa 4.5. Rekodi ni ileile, alama ni tofauti. Unaweza kuifanya yote kwenye Excel bila kumlipa mtu wa kukuchakatia.

Unahitaji watu wangapi? Picha 20 zinatoa jozi 190. Ukipata watu 60 na kila mmoja akachagua mara kumi, una ulinganisho 600, na kwa kuwa kila ulinganisho una picha mbili, kila picha itakuwa imecheza mara 60 hivi. Inatosha kuanza kuongea. Lakini ukishawagawa watu wako kwa jinsia, kisha kwa umri, kisha mchana na usiku, utashangaa zile 60 zinavyoyeyuka. Kwa hiyo amua mapema utawagawa kwa nini, usigawe baadaye kwa kuwa programu inakuruhusu.

Yasiyoonekana kwenye picha

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 timu ya Nikhil Naik ilifundisha kompyuta majibu ya Place Pulse ili iweze kutoa alama ya usalama kwa picha ambayo hakuna binadamu aliyeiona, na wakaitumia kwenye miji ya Marekani. Kazi nzuri, na rahisi kuitamani. Ila hebu ifikirie hiyo kompyuta imesimama Nkololo. Imejifunza kwamba lami, kingo zilizopakwa rangi na bustani ni usalama. Barabara ya udongo, ukuta usiopigwa plasta na ng'ombe katikati ya njia itavielewaje? Itauona umaskini na kuuita hatari. Sisi tunajua kwamba ng'ombe wakiwa njiani kuna mchungaji, na mchungaji ni shahidi.

Halafu picha ina mwezi wake. Sehemu kubwa ya Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga. Piga picha Julai, ardhi imekauka na kupasuka, mikokoteni ya ng'ombe inapita na marobota ya pamba, mtaa una sura ya mtaa. Rudi Machi, mvua zimekolea, njia ileile inashika baiskeli hadi ushungi wa gurudumu, na mwanafunzi wa sekondari anavua viatu. Ni mtaa mmoja au miwili? Kwenye data yako iwe miwili. Andika tarehe na saa kwa kila picha, na kama fildi yako ni ya msimu mmoja, sema hivyo kwenye kichwa cha habari kabisa, sio kwenye ukurasa wa mapungufu ambao hakuna anayeusoma.

Na picha za mtandaoni karibu zote ni za mchana. Hili linanikera kuliko yote. Tunauliza habari za hofu kwa kutumia picha za saa tano asubuhi!

Jane Jacobs, aliyeandika juu ya miji ya Marekani mwaka 1961, alisema kwamba kinachoulinda mtaa ni macho ya watu wake wa kawaida: muuza duka, mzee wa dirishani, wapita njia. Hili kwetu halihitaji kutafsiriwa. Mamalishe anayefunga saa tatu usiku ni taa ya mtaa. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara nyingi za Dar es Salaam, mjadala ulikuwa wa usafi, msongamano na riziki. Sijasikia ukijadiliwa upande wa binti anayeshuka daladala saa nne usiku mahali palipokuwa na meza kumi za chungwa na karanga, na sasa pana ukuta. Pamekuwa pasafi. Pamekuwa salama? Maneno mawili tofauti, na dodoso lako liyatenganishe.

Kwa Wasukuma kuna jambo jingine ambalo kamera haliwezi. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwetu na kwa jirani zetu Wanyamwezi, wananchi wakilinda mifugo na nyumba zao wenyewe. Mpaka leo mtu akikwambia njia fulani haina shida usiku, mara nyingi hazungumzii taa wala upana wa njia. Anamaanisha anajua nani yuko doria.

Uliza kwa lugha ya mtaa wenyewe

Neno "mtaa" lenyewe ni mtego. Kwa Kiswahili mtaa ni watu na nyumba zao kwa pamoja. Barabara ni ya magari. Njia ni ya miguu. Uchochoro ni wa kila mtu na wa hakuna mtu. Isitoshe, kiserikali mtaa upo mjini, na kijijini kuna kitongoji. Ukimuuliza mama wa Nkololo "mtaa wako uko salama?" anaweza kukujibu kuhusu majirani zake, wakati wewe unataka kujua kuhusu kalvati. Mwoneshe mahali, au simameni mahali.

Na swali la hofu usiliulize kama hofu. Wanaume hawaogopi kitu, muulize yeyote. Mimi ningeuliza hivi: "Saa moja usiku chumvi imeisha. Ungemtuma mtoto wa kike wa miaka 12 apitie hapa, au apitie pale?" Swali hilo lina saa, lina mtu, lina sababu, na ni la mbili mbili. Hakuna mzazi atakayekujibu mhola.

Kisha angalia umekaa wapi unapouliza. Ukiweka kambi kwenye kijiwe cha kahawa, utapata wanaume. Kwa bodaboda, wanaume vijana. Wanawake wako bombani, mashineni, kliniki, sokoni siku ya gulio, na msimu wa kilimo wako shambani hadi jioni, kwa hiyo saa yako ya kuuliza ni saa yao ya kuchemsha ugali. Hutaipata sampuli nzuri kwa kukaa kivulini.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Tuchukue namba za kubuni tena. Umehoji watu 60 kuhusu njia ya nyuma ya ghala usiku: wanaume 40, wanawake 20. Wanaume 32 wanasema wanaipita bila wasiwasi. Hiyo ni asilimia 80. Wanawake ni 5 tu, asilimia 25. Jumla ni 37 kati ya 60, na wewe unaandika kwa fahari kwamba asilimia 62 ya wakazi wanaiona njia hiyo kuwa salama. Hesabu haina kosa. Sentensi ni ya uongo. Hata ukisawazisha idadi, nusu kwa nusu, unapata asilimia 52.5, namba ambayo haimwelezi mwanamume yeyote wala mwanamke yeyote wa kijiji hicho. Wastani huo ukifika kwenye ofisi inayogawa taa nne za sola, taa zitafungwa mbele ya ofisi, sokoni na kwenye kijiwe cha bodaboda, mahali ambapo tayari kuna mwanga wa maduka. Hii ndio sababu sioni somo hili kama la watu wenye kompyuta nzuri tu. Kuna mtu anazunguka nusu saa kila jioni kwa sababu ya njia ambayo takwimu zimeshasema ni salama.

Wanawake wa Toronto waliligundua hili mwaka 1989, shirika la METRAC lilipoanzisha ukaguzi wa usalama: wanawake wanatembea pamoja usiku na kuandika wanachokiona na wanachokihisi, pale pale. Nchini India, tangu 2013, programu ya simu ya Safetipin imeliweka zoezi hilo kwenye vipimo tisa, kama mwanga, uwazi wa mahali, nani anakuona, njia ya kutembea, wanawake wangapi wapo, na mwisho kabisa hisia zako mwenyewe. Hakuna kinachokuzuia kulifanya kwa Kisukuma, kwa karatasi, na wanawake sita wanaojuana. Nenda na mwenyeji wa kike anayeheshimika awaongoze. Wewe kijana wa kiume wa chuo baki nyuma ubebe tochi.

Ramani mbili za kijiji kimoja

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata picha. Simama stendi, mwombe mtu akuelekeze hadi zahanati. Andika kila neno. Fanya hivyo kwa watu ishirini, kisha hesabu alama walizotaja: mashineni, kwenye mwembe, kwa fundi baiskeli, palipokuwa na ghala la zamani. Mti uliokatwa miaka kumi iliyopita unaweza kuwa bado alama. Hapo umemfanyia Lynch kazi yake kwa asubuhi moja.

Halafu linganisha na ramani ya pili. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, na Agosti 23 mwaka huohuo ikafanyika sensa. Nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina, nguzo zikasimama hadi vijijini. Ni jambo kubwa, tulihitaji muda mrefu. Swali la mtafiti ni dogo: kati ya majina yaliyoandikwa kwenye nguzo, mangapi yametajwa na wale watu ishirini? Mahali ambapo jina la nguzo na la mdomoni yanakutana, anwani imeshika. Yasipokutana, gari la wagonjwa litapotea, na hilo ni jambo ambalo mtendaji wa kata atalisikiliza.

Sisi wanafunzi wa nchi hii sio wageni kwenye kazi hizi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani ya Tandale, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliingiza wanafunzi wa Ardhi na wa UDSM kwenye kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wenyeji wenyewe wakionesha maji yaliyopita yalifika wapi. Vifaa vyenyewe ni bure: OpenStreetMap kwa ramani, QGIS kwa kuchora, KoboToolbox kwa kukusanya majibu kwenye simu hata kama mtandao umekata, Mapillary kwa picha za barabara. Bumu likiwa limeisha, simu moja na kichaji cha sola vinatosha.

Ramani ya hofu inaweza kuua

Hili nimeliacha karibu na mwisho ila sio dogo. Ukimuuliza mtu wapi anaogopa kupita, kuna siku jibu litakuwa: "Pale kwa bibi fulani." Kanda ya Ziwa imezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini ya kuwapikia watu. Wewe umekuja na GPS. Umeweka nukta nyekundu juu ya nyumba yake. Umetumia kipimo, umetoa ramani ya rangi, umeibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ukaondoka na basi la alfajiri. Hiyo sio data tena, ni ushahidi mikononi mwa watu wasio mahakama.

Kwa hiyo hofu inayoelekea kwa mtu au kwa nyumba haiingii kwenye ramani. Irekodi pembeni kwa maneno, bila jina wala mahali, na umwambie supavaiza kwa mdomo. Ramani ya hofu ichorwe kwa vipande vya njia, si kwa nyumba, na kipande chenye nyumba moja tu kiunganishwe na jirani yake. Picha zenye sura za watu zizibwe sura. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili sio hiari. Barua ya utambulisho kutoka chuoni ipitie mkoani na halmashauri hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji kabla hujawasha kamera. Kijana anayepiga picha njia za kijiji bila kueleweka naye ana hofu yake inayomsubiri.

Matokeo yarudi. Kisheria kijiji kina mkutano mkuu wake kila baada ya miezi mitatu, wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na kwenye upangaji wa fursa na vikwazo kwa maendeleo ndipo vipaumbele vinapotajwa kwa sauti. TARURA, ambao barabara hizi ni zao tangu 2017, hufanyia kazi kilichoandikwa kwenye mpango, sio kilichoandikwa kwenye tasnifu iliyopo maktaba yetu. Usiende na projekta. Chora njia kwenye karatasi kubwa za manila, weka safu mbili kwa kila njia, ya wanaume na ya wanawake, kwa mbegu za mahindi na maharage zilizogundishwa, mchana upande mmoja na usiku upande mwingine, kisha wabandikie ukutani nusu saa kabla mkutano haujafunguliwa. Muombe mwenyekiti akupe dakika kumi mwanzoni, wakati akina mama bado wapo, kwa sababu jua likianza kuzama wataondoka, na watakaobaki kupiga kura ya taa ni wale ambao njia ya nyuma ya ghala haijawahi kuwasumbua.